Vuli Bila Kivuli: Historia ya Mkungu Mmoja wa Upanga

Nilipokuwa darasa la sita, hapahapa Upanga, tulisomewa hadithi ya kufasiriwa iliyoanza kwa kusema kwamba yalikuwa majira ya vuli na majani ya miti yote yalikuwa yakipukutika. Mwalimu akatuambia tufumbe macho tuione picha. Tukafumba. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya banda la baiskeli, maana ulikuwa mwezi wa kumi na moja, vuli yenyewe kabisa, na mkrismasi wa uwanjani ulikuwa umewaka maua mekundu. Mwenzetu mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona vuli ndiyo majani yanaota?" Mwalimu akafikiri kidogo. "Hiyo ya kitabuni ni vuli ya Ulaya," akasema, tukaendelea kusoma.

Jibu hilo nimekaa nalo karibu miaka arobaini. Vuli kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Pwani hana shida yoyote na neno hilo: ukikosa kupanda masika, unajaribu bahati yako vuli. Hata wafasiri wa Biblia, walipokutana na mvua mbili za Palestina, walizichukua vuli na masika kama walivyozikuta kwa wenyewe, zikatosha. Shida tumeileta sisi watu wa vitabu. Tulihitaji neno la majira ambayo hatuna, tukaazima la majira tuliyo nayo. Ndiyo maana msomaji wetu akikutana na watu wa riwaya ya Kizungu wanakanyaga majani makavu "wakati wa vuli", kichwani mwake mvua inanyesha na mahindi yanachipua. Wako wafasiri wanaoandika "majira ya kupukutika majani". Ni refu kama treni ya mizigo, lakini angalau halidanganyi.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na mti mmoja uliofanya kama miti ya kitabuni. Ulikuwa mkungu, nyuma ya nyumba, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani. Mwisho wa kipupwe, mwezi wa nane hivi, majani yake yalianza kugeuka, moja moja kwanza, halafu tawi zima: njano, rangi ya chungwa, nyekundu iliyoiva kama zambarau. Kisha yakaanguka. Majani ya mkungu ni makubwa kama sahani, na yakianguka usiku juu ya saruji unasikia kabisa, pah, pah, kama mtu anayetembea na ndala. Mama alitufagilisha kila asubuhi kabla ya shule. Kiangazi kikali cha Februari mti ulirudia mchezo uleule, nasi tukarudia kufagia. Kwa hiyo mimi nilikuwa na majira ya kupukutika majani mara mbili kwa mwaka, bila baridi na bila koti.

Nimekuja kujua baadaye kwa nini. Ulaya miti huachia majani kwa sababu mchana unafupika na baridi inakuja. Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki hata saa moja. Mti wetu hauna sababu ya kusoma urefu wa mchana. Mkungu huangalia maji. Ukavu ukizidi, unapunguza majani, na kabla ya kuliachia jani unaondoa kwanza ule ukijani na kurudisha ndani vile vya thamani. Ukijani ukishaondoka ndipo wekundu unajionyesha. Ni akili ya mtu anayehama nyumba: anabeba vyombo, anaacha kuta.

Nasema "wetu", lakini mkungu si wa hapa. Asili yake ni pwani za Asia, na kokwa lake huelea baharini bila kuharibika. Ukianza kuhesabu miti ya Upanga kwa asili yake, unabaki na michache. Mwembe ni wa Bara Hindi. Mzambarau vilevile. Mwarobaini nao, huo tunaouita hivyo kwa kuwa unasemekana kutibu maradhi arobaini, ulitoka hukohuko. Mkrismasi, ambao maua yake ndiyo kalenda yetu ya Desemba, asili yake ni Madagaska. Mpapai na mstafeli vimetoka Marekani ya kitropiki. Mitaa yetu ni bandari iliyosimama wima.

Na bandari hiyo ina tarehe. Seyyid Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, miaka ya 1860, alikuja na majumba na minazi pamoja. Alifariki mwaka 1870, mji ukadorora, minazi ikabaki. Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, na mwaka 1893 wakaanzisha bustani ya mimea, ileile ambayo kipande chake bado kipo karibu na Makumbusho ya Taifa. Bustani ile haikuwa ya kupumzikia tu. Walikuwa wakijaribisha mimea waone ipi italipa, kazi ambayo kuanzia mwaka 1902 waliikuza zaidi kule Amani, Usambara. Mtaa mkubwa wa mji waliuita kwa Kijerumani jina lenye maana ya "chini ya migunga". Waingereza wakaufasiri, wakauita Acacia Avenue. Uhuru ulipokuja ukawa Independence Avenue, na leo ni Samora. Miti ilitoka kwenye jina kabla ya kutoka mtaani.

Kivuli nacho kilikuwa na mipaka. Chini ya Waingereza mji ulipangwa kwa kanda: Uzunguni kwa viwanja vipana na miti mingi, Uhindini kwa maduka na ghorofa zilizobanana, na Uswahilini, yaani Kariakoo, kwa viwanja vidogo ambavyo ukishajenga vyumba sita na ua, umebakiwa na nafasi ya mpapai mmoja. Katikati, kati ya Kariakoo na Uhindini, wakaacha eneo wazi la kuwatenganisha watu. Wenyeji wakaliita kwa alama waliyoiona wao, Mnazi Mmoja. Sijui mji mwingine ambapo ukuta wa ubaguzi umepewa jina la mti, na watu wakaja kuutumia kwa mikutano ya kudai uhuru.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, ua ukiwa na mlimau na karo. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopigishwa kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Bibi alikuwa akija kwetu Upanga siku za Ijumaa baada ya swala. Alikuwa akivua viatu, anatandika mkeka chini ya mkungu, anavuta pumzi ndefu. "Huku kwenu," alikuwa akisema, "kuna kivuli cha serikali." Sisi watoto tulicheka. Baba hakucheka. Alijua Bibi alichokuwa anasema.

Upanga ninayoijua ilipimwa viwanja baada ya Vita Kuu ya Pili, na familia nyingi za Kihindi zikahama kutoka ghorofa za Uhindini kwenda huko kutafuta hewa. Miaka ya 1950 nyumba zikaota moja baada ya nyingine. Hospitali tunayoiita Muhimbili ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Watu wakapanda walichokuwa nacho: miembe, mikungu, mwarobaini getini, mlangilangi dirishani. Halafu ikaja Aprili 1971. Sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenye nyumba hakuwa akiishi peke yake. Waliojenga ndani ya miaka kumi iliyotangulia walilipwa fidia kwa kiwango. Nyumba ikiwa imepita miaka kumi, hakukuwa na fidia. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na wengi waliokuwa wameyajenga wakaenda Kanada na Uingereza.

Sisi tuliingia mwaka 1974. Baba alikuwa karani serikalini, akapangishwa ghorofa ya chini ya nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa imegawanywa. Yeye alizaliwa kwenye chumba kimoja cha watu saba pale Kariakoo, na aliiamini sheria ile mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akituambia: mtu mmoja hawezi kuwa na nyumba tano wakati watu saba wana chumba kimoja. Sijawahi kupata jibu la kumshinda. Lakini pia sijawahi kumsikia akisema mti ule ulipandwa na nani.

Hilo nililijua mwezi wa nane, 2009. Mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alisimama getini na binti yake. Binti alikuwa ameshika simu anapiga picha ukuta. Nikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Samahani kusumbua. Mimi nilikuwa nakaa hapa zamani."

Mama yangu alikuwa dirishani. Nikaona pazia linatikisika, na dakika ile nikajua anachowaza, kwa sababu nami niliwaza hichohicho: wamekuja kudai. Hata hivyo akatoka, kanga begani, akawakaribisha ndani.

"Hapana, dada, usihangaike," yule mama akasema, kwa Kiswahili cha mjini kisicho na kutu. "Nataka kuona mti tu."

Tukazunguka nyuma. Mkungu ulikuwa katikati ya kugeuka, nusu kijani, nusu moto. Akaweka kiganja kwenye shina, akakaa hivyo kimya. Halafu akatusimulia. Kokwa waliliokota yeye na kaka zake ufukweni karibu na Daraja la Salenda, mwaka ule hospitali ilipofunguliwa. Baba yao alilipanda kwenye kopo la samli, kisha ardhini. Waliondoka mwaka 1972, mti ukiwa umefika dirisha la juu. Mwaka wao wa kwanza Toronto, mwezi wa kumi, mama yao aliamka akachungulia nje, akaanza kulia. Miti ya mtaa mzima imekufa kwa siku moja, alisema, nchi gani hii. Baba yao akaja dirishani, akaangalia, akasema: "Haijafa. Mikungu tu hiyo."

Binti yake, ambaye Kiswahili hakijui, akauliza tunacheka nini.

Mwishowe walikunywa chai. Mama na yule mgeni waliongea bei za vitu na magonjwa ya magoti. Nyumba haikutajwa. Walipoondoka tuliachiana namba za simu, na Mama akaosha vikombe mwenyewe, ingawa msichana wa kazi alikuwepo. "Hakuuliza nyumba," akasema, akiwa ameupa mgongo mlango. Akarudia tena: "Hata kidogo hakuuliza."

Tangu siku ile nikaanza kuuangalia mti kwa macho mengine, na kuangalia pia wapangaji wake. Kwani mkungu ulikuwa na wapangaji wengi kuliko nyumba.

Wa kwanza ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ati wasaidie kusafisha taka za mji. Wakamaliza taka wakaanza mayai. Wamevuka bahari, wameshika pwani yote, na yule kunguru wetu wa asili, mwenye fulana nyeupe, mjini unamwona kwa nadra. Wamewekewa mitego, wamewekewa sumu, wanapungua, wanarudi. Chozi na shorewanda wakijenga kiota Upanga wanajenga kwa wasiwasi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama na ufagio nikitetea makinda ya tetere, nikashindwa. Watu wa mtaani humwita "mgeni" kwa hasira, nami naelewa hasira hiyo. Lakini mwembe hatuuiti mgeni. Mwarobaini tunauchemsha tunaunywa kama wa babu zetu. Uenyeji, naona, tunaugawa kwa kuangalia nani anatupa nini, na vyeti vya kuzaliwa tunavitafuta baadaye.

Wa pili ni popo wa matunda, wale wakubwa wenye manyoya ya rangi ya majani makavu. Jioni, taa za Faya zinapoanza kuwaka na foleni kuganda Barabara ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wakipita juu yetu makundi kwa makundi. Walishuka kwenye mkungu kula makungu, wakigombana kama wanunuzi wa mitumba. Nyama ya tunda wanaifyonza, kokwa wanalidondosha mbali na mti, na hivyo ndivyo mikungu mingi ya mji huu imepandwa bila mtu kushika jembe. Popo wa aina hii husafiri. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, hukusanyika kwa mamilioni katika msitu mdogo wa Kasanka, Zambia, kufuata matunda, kisha hutawanyika. Hiyo ndiyo miezi ya vuli yetu.

Wa tatu ndio waliokuwa furaha yangu. Mwezi wa kumi, mawingu ya kwanza yanapojikusanya, hufika keremkeremu, wala-nyuki kutoka Ulaya, wenye koo la njano na tumbo la samawati, wakipiga filimbi zao juu ya paa kabla hujawaona. Mbayuwayu huja nao. Ukienda Salenda maji yakiwa yametoka, kwenye tope mbele ya mikoko utakuta ndege wa miguu mirefu waliozaliwa kaskazini kabisa mwa Urusi. Na pwani yetu hupokea pia yule mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana kwenye mchanga wa Omani na Ghuba kisha huja kwetu, njia ileile ya majahazi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mwalimu wangu wa darasa la sita, ingawa yeye hakukusudia. Vuli ya Ulaya na vuli yetu ni miezi ileile. Kule majani yanapoanguka na wadudu kwisha, ndege wanafunga safari. Huku mvua zinaanza, kumbikumbi wanaruka, nao wanafika mezani. Mfasiri aliyeandika "vuli" alikosea picha, ila kwenye kalenda alipatia. Keremkeremu mmoja huona vuli zote mbili ndani ya wiki chache, na hahitaji kamusi.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mwaka 2024 wapangaji tuliitana kikao. Tulikuwa kaya nane, baada ya nyumba kugawanywa na kuongezwa vibanda. Hoja zilikuwa za haki, sitaki kuzidogosha. Mizizi ilikuwa imepasua chemba ya maji machafu mara mbili, na mara ya pili maji yaliingia jikoni kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Popo walikuwa wakichafua magari na nguo zilizoanikwa. Watu waliogopa magonjwa, wengine waliogopa uchawi. Na magari yalikuwa sita sehemu ya kuegesha manne. Kijana mmoja alileta karatasi iliyochapwa vizuri, yenye mistari minane. Saba ilikuwa imejaa saini.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuwaambia kwamba mizizi inaweza kuzuiwa, kwamba chemba inaweza kuhamishwa, kwamba tugawane gharama. Niliwahi kuyaandika haya kwenye daftari. Lakini nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, gari langu lilikuwa limelala nje wiki nzima na kioo cha pembeni kilikuwa kimeibwa. Mama, ambaye sasa ana miaka themanini, alikuwa amelala chumbani upande wa mti. Sikumwamsha kumuuliza. Nikasaini.

Walikuja mwezi wa saba na msumeno wa mashine. Kazi ilichukua siku mbili. Tawi la kwanza lilipoanguka, popo wakaruka mchana kweupe, wakazunguka juu ya Upanga wakilia, na kunguru wakawafukuza. Mama alitoka na bakora yake, akasimama mlangoni. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Yule mama wa Kanada, umemwambia?"

Tangu hapo chumba cha Mama, ambacho saa tisa alasiri kilikuwa na ubaridi, hakikaliki. Ukuta unashika joto mpaka usiku wa manane. Tumemwekea kiyoyozi, na umeme tunanunua mara mbili ya zamani. Nyuma ya nyumba ni saruji tupu na magari sita. Gari langu linalala ndani. Limekuwa la moto kama tanuri, lakini linalala ndani.

Siku hizi nikipita Kariakoo huwa nasimama kuliangalia jengo la soko. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, kisha likakarabatiwa. Paa lake limebebwa na nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, safu kwa safu. Kabla ya kusaini ile karatasi nilikuwa naona miavuli tu. Sasa naona miti. Naona mtu aliyejua kwamba mnada wa Mwafrika huanzia chini ya mti, na aliyekuwa akijenga katika mtaa ambao kanuni za wakoloni hazikuuachia nafasi ya kivuli, akaamua kuupandia wa zege. Bibi yangu aliwahi kununua nazi chini ya kivuli kile. Hicho nacho, angesema, ni cha serikali, lakini angalau wamekileta Kariakoo.

Historia tulizosomeshwa zimejaa majengo: nani alijenga, nani alitaifisha, lipi limevunjwa. Sheria ya 1971 iliorodhesha nyumba, thamani na miaka. Haikuorodhesha kivuli, kwa hiyo kivuli kilihama kutoka familia hadi familia bila stakabadhi, na kwa miaka hamsini hakuna aliyegombana juu yake. Familia moja ilikipanda, nyingine ikakilalia mkeka. Kitu pekee ambacho nyumba zote mbili ziliwahi kumiliki kwa pamoja nimekitolea saini mimi, kwa ajili ya kioo cha gari.

Oktoba ile ile, keremkeremu walifika kama kawaida. Walitua kwenye waya wa umeme. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama nje nawasikiliza, simu ikalia ujumbe kutoka Toronto. Ilikuwa picha ya mtaa wenye miti miwili mikubwa, nyekundu tupu, majani yamejaa barabarani. Chini yake ameandika: "Mikungu yetu imeiva. Wenu je? Nitumie picha."

Sikujibu. Mwaka uliofuata akatuma tena, nikaweka alama ya moyo, nikafunga simu. Mtu mzima mwenye watoto wawili, najificha kwenye alama ya moyo.

Juzi nilipita chini ya mkungu ulio karibu na ukuta wa Muhimbili, nikaokota makokwa matatu ambayo popo walikuwa wamekwisha kuyamaliza kazi. Nimeyafukia kwenye makopo ya rangi, kwenye ngazi. Moja limeota, lina majani mawili. Nimeangalia ua wote na sijaona mahali pa kulihamishia, maana kila futi ina gari, na kamati imeshaniambia nisianze. Kwa hiyo lipo tu kwenye kopo, na wapita ngazi wanaliruka.

Makala haya nitamtumia yeye kwanza, kabla ya kuyaweka hapa. Kiswahili anasoma vizuri. Picha ya mkungu sina ya kumtumia. Nitamtumia ya kopo, na nitamwambia aliyesaini ni nani.